Glavu, na Mkono Aliomnyima Kaka Yake

Msomaji wangu wa siku zote, yule mzee niliyezoea kumtaja hapa kama mtu pekee mjini Machakos awezaye kukukatisha hamu ya kula kwa sentensi moja, ametutoka. Alifariki mwanzoni mwa mwezi huu, wodini, mchana wa jua kali, baada ya kidonda cha mguu kilicholetwa na ugonjwa wa sukari kumshinda yeye na waliokuwa wakimtibu. Siwezi kudai kwamba alikuwa rafiki yangu. Alikuwa mtu niliyezoeana naye kwa kukaa benchi moja kwenye kibanda cha chai nyuma ya soko, tukigombana juu ya mambo ambayo watu wenye akili timamu hawagombanii asubuhi. Habari ya kifo chake nilipewa na mama mwenye kibanda. Aliniambia kwamba yule daktari wangu wa vyoo ameenda, akageuza chapati iliyokuwa kwenye kikaango, kisha akaniuliza kama nitakula zile za kawaida. Nikamwambia anipe chai tupu.

Jina hilo la Daktari wa Vyoo alilipata zamani, alipokuwa afisa wa afya ya umma, akizunguka na pikipiki ya serikali kukagua bucha, hoteli na vyoo vya shule. Halikumkera hata kidogo. Alikuwa akisema choo hakijawahi kumdanganya, kwa sababu ukifungua mlango unaona kila kitu. Hoteli ndizo zilizomfanya awe na mvi. Alikuwa mtu wa suti za kaunda zilizopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mwenye sauti ya juu na maringo ya kutosha watu watatu, na mkaidi ajabu. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani nataka kumpaka marehemu asali. Alikuwa akiudhi. Kuna siku nyingi nilimwona akija upande wa kibanda nami nikatamani dunia inifunike pamoja na kikombe changu.

Kilichomsumbua miaka yake ya mwisho ni glavu. Unakumbuka, msomaji, kwamba kabla ya ule ugonjwa uliotufungia milango, glavu ilikuwa kitu cha hospitalini na cha mtu anayezibua choo. Ugonjwa ulipopungua, barakoa tulizitupa, ndoo za kunawia tukazigeuza za kufugia vifaranga, lakini glavu zikabaki. Leo hii mjini kwetu auzaye mayai ya kuchemsha anayo, wa soseji za smoki anayo, anayekata tikiti na papai karibu na stendi anayo, na mara nyingi ni moja tu, ya mkono wa kulia. Mkono huo wa glavu ndio unaopokea noti, ndio unaojibu simu, unakuna kichwa, unafukuza nzi, unafuta kamasi za mtoto, kisha unarudi kwenye papai. Jioni ile glavu huoshwa kwa sabuni ya unga, ikaanikwa kwenye msumari, na kesho asubuhi inapuliziwa pumzi ili vidole vifunguke, ikavaliwa tena. Glavu ya kutupwa kwetu haitupwi mpaka ipasuke. Wateja nao wanaona mkono uliovikwa plastiki, wanaridhika, wananunua.

Mzee yule alikuwa na mahubiri yake juu ya hili, nami niliyasikia mara nyingi hata naweza kuyatoa usingizini. Glavu, alisema, ni ya kazi moja. Unanawa mikono kwanza, unaivaa, unafanya ile kazi, na ukiiacha kazi hiyo hata kwa kupokea pesa tu, glavu imekwisha maisha. Unaibana kwenye ukingo wake kifundoni, unaivua kwa kuigeuza ndani nje ili uchafu ubaki umejifungia humo, usiguse upande wa nje kwa kidole kitupu, unaitupa kwenye pipa lenye kifuniko, halafu unanawa tena. Akifika hapo alikuwa akinyanyua viganja vyake viwili juu kama mchungaji anayetoa baraka, na kusema maneno ambayo bado nayaona kuwa ya kweli kuliko yote aliyowahi kusema: kwamba mkono mtupu ukichafuka mwenyewe anausikia unanata, unanuka, unawasha, kwa hiyo atatafuta maji, lakini aliyevaa glavu hasikii kitu, na asiyesikia uchafu hanawi. Kwa sababu hiyo aliona afadhali mama anayeuza kwa mikono mitupu akiwa na kibuyu cha maji na kipande cha sabuni kuliko mwenye glavu ya tangu asubuhi.

Siku moja aliamua kutuonyesha. Mama wa chapati alikuwa amevaa glavu nyeupe, na mzee akamwomba apake kidole kimoja kwenye masizi ya chini ya sufuria, kidole kimoja tu, kisha aendelee na kazi kama kawaida. Mama yule ni mtu wa utani, akakubali. Tulikaa pale tukinywa chai na kutazama yale masizi yakisafiri. Yalifika kwenye mpini wa mwiko, kwenye kifuniko cha debe la unga, kwenye simu, kwenye noti aliyorudishiwa fundi wa viatu, kwenye shavu la mjukuu wake aliyekuja kuomba maji, na kwenye chapati, chapati baada ya chapati, vidoa vidogo vya kijivu pembeni. Wateja walicheka mpaka machozi. Mama hakucheka sana. Nilimwona akiivua glavu polepole na kuitia mfukoni mwa aproni, nikadhani somo limeingia. Kesho yake tulipofika, tulimkuta amenunua glavu nyeusi.

Nilicheka siku hiyo mpaka chai ikanipalia. Mzee hakucheka. Alizitazama zile glavu nyeusi kwa muda, akauliza kama kuna mtu ameona akili ya binadamu inavyofanya kazi, halafu akala chapati yake kimya. Nadhani kuna kitu kilianza kumvunjika hapo, ila mimi nilikuwa bado nafurahia kichekesho. Siku hizi glavu nyeusi zimejaa kila mahali, hasa kwa wachoma nyama, na watu wanazisifu kwamba zinapendeza.

Lakini kisa ninachotaka kuwapa si cha chapati. Ni cha mazishi, na kilitokea juu huko Kangundo, nyumbani kwa kaka yake mkubwa, mkulima wa kahawa, siku walipomzika mke wa kaka huyo. Baada ya kustaafu, mzee alikuwa amejipa kazi ya kusimamia chakula kwenye misiba ya kanisa lao na ya ukoo wao. Hakulipwa chochote, wala hakuombwa sana. Alifika tu alfajiri na boksi lake la glavu na mche wa sabuni, akaanza kuamrisha watu. Na wewe unajua misiba yetu ilivyo. Mahema yamepigwa, muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, unatokota kwenye masufuria makubwa kama ya kuogea, mbuzi wanachunwa nyuma ya jikoni, na watu wanaendelea kuingia, wote wakipeana mikono. Kwetu Ukambani msibani hupiti mtu bila kumpa mkono. Unaanza mwanzo wa hema mpaka mwisho, uliyemjua na usiyemjua, halafu unazunguka jikoni kuwapa mikono wanaopika. Atakayekaa bila kusalimia atasemwa mpaka wajukuu wake wasikie.

Sasa, wazee wetu hawakuwa wajinga. Walikuwa na njia yao. Ukimkuta mama anakanda unga au mwanamume anachuna mbuzi, nawe ukamnyooshea mkono, yeye alikunja ngumi kidogo, akaigeuza chini na kukupa kifundo cha mkono, pale juu ya mahali damu au unga ulipoishia. Ulikishika kile kifundo, ukakitikisa, na salamu ilikuwa imekamilika. Hakuna aliyekasirika. Kilikuwa kitu cha heshima hasa, kwa maana mwenzako amekuambia bila maneno kwamba mkono wangu una kazi, nami sitaki nikuchafue. Nimekua nikiona hivyo, na sijui ni nani aliyetufundisha. Glavu ndiyo iliyoiua salamu hiyo, na hakuna aliyeenda kwenye matanga yake.

Siku hiyo ya Kangundo mzee alikuwa nyuma ya jikoni akikata nyama mbichi, glavu nyeupe mikononi, nami nilikuwa nimesimama karibu nikijifanya nasaidia. Kaka yake alitoka kwenye hema kuja kuwashukuru wapishi, kama ilivyo desturi ya mfiwa, na nyuma yake alikuwa na msururu wa waombolezaji. Alikuwa amevaa koti zito katika jua lile, macho mekundu, mwili umelegea. Akawapa mkono wapishi mmoja mmoja, na wote waliokuwa na glavu walimpa mkono na glavu zao, wakarudi kwenye nyama. Alipofika kwa ndugu yake mdogo, mzee wetu akakunja ngumi na kumpa kifundo. Kaka alikitazama kile kifundo, hakukishika.

"Si umevaa glavu?" akasema. "Sasa hiyo mkono iko na shida gani? Hawa wote wamenipatia mkono, na wewe ndugu yangu unanipatia hii?"

Mzee akamweleza, tena kwa ile sauti yake ya ukaguzi, kwamba glavu ndiyo chafu, kwamba ina damu mbichi, kwamba akiishika atashika watu wote waliopo halafu atakwenda kula. Yote aliyosema yalikuwa kweli. Lakini mtu aliyetoka kumtazama mkewe ndani ya jeneza hasikii habari za damu ya mbuzi. Kaka alisikia kwamba yeye anatia uchafu, au msiba wake unatia uchafu, au kuna jambo baya zaidi ambalo watu wanalinong'ona na ndugu yake ameliamini. Akamwambia, bila kupandisha sauti, kwamba mke wake amelala pale na yeye anaambiwa ni mchafu. Aligeuka, na ule msururu wote ukageuka naye. Tangu siku hiyo hawakuzungumza tena.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuivua tu ile glavu. Sekunde chache, ampe kaka yake mkono, anawe, avae nyingine. Boksi zima lilikuwa miguuni pake. Aliniambia kwanza kwamba nyuma ya kaka kulikuwa na watu wengi, na angevua glavu mpaka jua lizame. Kisha akasema, "Nilifikiri yeye ni ndugu yangu, ataelewa." Hapo nilimlaumu na bado namlaumu. Alikuwa na haki katika kila neno, na hakuona kwamba mbele yake amesimama mtu aliyefiwa. Waungwana wa kamati ya chakula walimwondoa kimyakimya. Hakuna aliyemfukuza, ila misiba iliyofuata alikuta mtu mwingine amekwisha kushika kisu, na akaombwa akae hemani na wageni. Alikuwa akikaa huko na suti yake, akitazama sahani zikipita, asile.

Nimelifikiria sana jambo hili kwa sababu linanihusu mimi na wewe kuliko linavyomhusu yeye. Tunajua mambo haya. Hakuna mtu mzima Machakos asiyejua kwamba uchafu huleta ugonjwa wa tumbo. Watoto wa chekechea wanaimba nyimbo za kunawa mikono. Tuliipokea glavu haraka kuliko maji na sabuni kwa kuwa inaonekana. Mteja haoni kama umenawa, lakini anaona glavu. Mwenye hoteli anaiweka mkononi mwa mhudumu kama anavyoweka maua ya plastiki mezani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, na sisi tumeazima nguo ya daktari bila kuazima kazi yake, tunatembea nayo barabarani tukidhani tumesitirika. Ukimwambia mtu hivyo anakuuliza kwa nini unamchukia. Nimeishi vya kutosha kuona kwamba katika mji huu ni rahisi zaidi kumpa mtu ugonjwa kuliko kumnyima mkono, kwa sababu ugonjwa hatajua umetoka wapi.

Kidonda kilianzia kwenye kiatu kipya. Wenye sukari wanajua habari hizo. Alilazwa katika hospitali ambayo sitaitaja, nami nilikwenda kumwona nikiwa na maziwa ya mtindi ambayo hakuruhusiwa kuyanywa. Alikuwa amekonda, suti imekunjwa kwenye mfuko wa plastiki chini ya kitanda, mguu umefungwa bandeji mpaka juu ya kifundo. Tulipokuwa tukizungumza, alikuja mhudumu mmoja wa kiume, mpole, mwenye tabasamu, na glavu mikononi. Alitoa beseni chini ya kitanda cha jirani, akaenda kulimwaga, akarudi, akavuta pazia, akamnyanyua mgonjwa mwingine kwa kumshika kwapani, kisha akachukua kikombe cha uji kwenye toroli, akampa mzee wetu. Alipoona shuka imeteleza, akaivuta vizuri akaifunika miguu, akiupapasa ule mguu wa bandeji kwa huruma kabisa. Glavu zilikuwa zilezile.

Nilimtazama mzee nikisubiri ngurumo. Nilikuwa hata nimeanza kumhurumia yule kijana. Mzee akapokea kikombe kwa mikono miwili, akasema asante sana mwanangu, Mungu akubariki. Kijana alipoondoka nilimuuliza kama hakuona. Akasema ameona, anaona kila siku. Nikamwambia basi niende nikaseme na muuguzi mkuu, na yeye akanishika mkono kunizuia.

"Wacha," akasema. "Nimechoka kuwa mtu mbaya, mwandishi. Huyu kijana ndiye mtu peke yake hapa ananiuliza nimelala aje."

Sijui kama nimewahi kusikia jambo la kukatisha tamaa zaidi ya hilo. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, na mimi nilikuwa nimeketi pembeni mwa kitanda nikiutazama moyo wa mtu ukiwa umekwisha kufa, yeye mwenyewe akiendelea kunywa uji. Sisemi kwamba kilichomuua ni glavu ile. Sukari ilikuwa imekwisha kumla kabla hajafika pale, na madaktari walifanya walichoweza. Ninachosema ni kwamba mtu aliyetumia maisha yake kupiga kelele juu ya jambo moja, siku jambo hilo lilipogusa kidonda chake mwenyewe, alinyamaza ili apendwe.

Alichotaka siku zile kilikuwa kimoja tu. Kila nilipofika aliuliza kama kaka yake ameambiwa. Alikuwa ameambiwa. Binti wa mzee, ambaye anaishi Syokimau na kufanya kazi ofisini Nairobi, alikuwa amempigia baba yake mkubwa simu zaidi ya mara moja, na kila mara alijibiwa kwamba kahawa inachumwa, akimaliza atashuka. Mzee alilikubali jibu hilo kama mtu anayekubali dawa chungu. Aliniambia kwamba kaka akija atampa mkono, hata awe ametoka kuchinja, hata awe na nini. Alikuwa akiufungua na kuufunga ule mkono wake wa kulia juu ya blanketi wakati akisema hivyo. Kahawa haikuisha mapema, na kaka hakushuka.

Alishuka siku ya mazishi. Mzee tulimzika nyumbani kwake, nje kidogo ya mji. Kaka yake alifika mapema kuliko watu wote, akakataa kuketi kwenye viti vya familia, akasema yeye atasimamia nyama kwa sababu ndiyo kazi aliyoipenda ndugu yake. Akaomba glavu. Mtu akampa jozi nyeusi. Mzee yule wa kahawa, mwenye vidole vilivyokakamaa, alihangaika kuzivaa mpaka akasaidiwa, halafu akashika kisu na kuanza kukata nyama mbichi, machozi yakimtoka, akiyapangusa kwa mgongo wa mkono wenye glavu. Na watu wakaja. Walitoka hemani kumpa pole, mmoja baada ya mwingine, na yeye kila mkono alioletewa aliupokea kwa kiganja kizima, akaukamata sana, akarudi kwenye nyama. Nilikuwa nikimtazama na kuona wazi kwamba alidhani anamheshimu marehemu kwa namna ile.

Kisha akaja binti. Alikuwa mtoto wa marehemu, amelelewa na yale mahubiri tangu anyonye. Baba yake mkubwa akaacha kisu na kumnyooshea mkono wenye damu. Nilimwona akiutazama kwa muda mfupi sana, halafu akaushika kwa mikono yake miwili, akainama juu yake. Walisimama hivyo wakilia, na wanawake waliokuwa jikoni wakaanza kulia nao, kwa sababu kila mtu alijua ugomvi ule. Familia ilipatana pale pale, mbele ya meza ya nyama. Baadaye nilimkuta binti akinawa kwenye tangi, akisugua mpaka viwikoni. Alinieleza mwenyewe.

"Ningemkatalia, tungeendelea hivyo tu mpaka na yeye tumzike," akasema. "Lakini baba angenikasirikia, na hata hivyo najua angenielewa."

Nilibaki karibu na meza ya nyama kwa sababu sikujua niende wapi. Watu walipopungua, kaka alinigeukia. Alinijua kwa sura, kutoka siku ile ya Kangundo. Akaniuliza, kwa upole ambao sikuutarajia, kama mimi ndiye niliyekuwa nikikaa na ndugu yake mjini, na nilipokubali akasema kuna jambo ambalo hajawahi kumuuliza mtu. Alitaka kujua ndugu yake alimkasirikia nini hata akamnyima mkono siku ya kumzika mkewe. Kwa miaka hiyo yote alikuwa akijichunguza, akipekua mambo ya mashamba, mambo ya mama yao, maneno aliyowahi kusema akiwa amelewa ujanani, akitafuta kosa lake.

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia hakukuwa na kosa lolote. Nilimwambia glavu ilikuwa na damu mbichi, na ndugu yake hakutaka aibebe damu ile mpaka kinywani mwake katika siku ambayo mwili wake haukuwa na nguvu ya kupigana na ugonjwa. Kile kifundo kilikuwa salamu, nikamwambia, ileile ya wazee wetu, na alimpa yeye peke yake kwa sababu ndiye aliyemwogopea zaidi. Alisikiliza hadi mwisho. Akazitazama glavu zake nyeusi, akazigeuza mbele na nyuma. Nilidhani atalia tena, lakini hakulia. Alisema, "Basi ni mimi sikuelewa," akaibana ile ya kushoto kwenye ukingo, akaanza kuivua.

Wakati huohuo likaingia kundi jipya kutoka Kangundo, majirani zake mwenyewe, waliochelewa, mbele yao bibi kizee akitembea kwa mkongojo na mkono wa kulia amekwisha kuunyoosha. Kaka alinitazama. Alikuwa anajua sasa, na nilimwona anajua. Akatazama mkono wa yule bibi uliokuwa ukitetemeka hewani, akatazama watu wote waliokuwa wakimtazama, akaiacha ile glavu irudi mahali pake, na akampa mkono. Akampa na anayefuata, na anayefuata. Nyama ilipoiva tulipakuliwa, na sote tukala.

Kwa hiyo, msomaji, somo nililotoka nalo pale si la mwenye glavu. Yeye tumekwisha kumfundisha, na kujua hakumsaidii. Ni la sisi tulio kwenye msururu, tunaonyoosha mikono. Ukimkuta mtu ameshika chakula au kidonda cha mwenzake, usimpelekee mkono wako. Akikupa kifundo, kishike kwa moyo mmoja. Akikunyima vyote, mshukuru, halafu urudi ukakae. Naandika haya bila tumaini kubwa, maana marehemu mwenyewe aliyasema kwa sauti kubwa kuliko yangu na tukamwondolea kisu. Lakini yule mzee wa kahawa alikuwa tayari kuivua glavu. Ilikuwa imefika nusu ya kiganja, na sisi ndio tuliomzuia.